Hanuka Darasani: Kinara cha Maboksi na Pia ya Pande Nne

Habari zenu walimu wenzangu, na dada zangu mnaolea watoto huku Marekani. Desemba ikifika chekechea zinajaa Krismasi, na mtoto wa Kiyahudi anabaki mtazamaji. Leo tunaiingiza darasani sikukuu yake ya Hanuka, ya usiku nane, na wenzake wote washiriki. Nalipenda sana somo hili, kwa hiyo mtanivumilia nikiongea.

Tunaanza na hadithi, fupi tu. Mfalme Antioko aliwakataza Wayahudi kuabudu Mungu wao na akalinajisi Hekalu la Yerusalemu. Yuda Makabayo na ndugu zake wakapigana, wakalikomboa, wakalitakasa mwaka 164 KK. Kwa watoto wa miaka minne, vita ipite kwa sentensi moja. Kaeni kwenye mafuta. Shika kichupa kama hiki, kina mafuta ya zeituni kidogo mno. Waulize: yatawaka siku ngapi? Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasimulia kwamba yalikuwa ya siku moja, yakawaka siku nane. Mpe kila mtoto anuse kichupa. Harufu ile ndiyo itakayowakumbusha hadithi.

Sasa kinara, cha kukumbuka siku zile nane. Chukua vibomba tisa vya boksi, vile vinavyobaki karatasi ya chooni ikiisha. Vinane vipunguze kwa upana wa vidole viwili, cha tisa kiache kirefu. Hicho ni shamashi, mshumaa unaowasha wengine. Watoto wapake rangi, vikauke, gundisha kwenye ubao: vinane mstari mmoja, shamashi katikati. Hapo sina la kuongeza.

Hapa sasa, acheni kila kitu mnisikilize. Miali yetu ni karatasi laini ya njano, moto wa kweli hatuugusi. Mishumaa hupangwa kuanzia KULIA. Siku ya kwanza, kibomba cha mwisho kulia. Ya pili, kinachofuata kuelekea kushoto. Lakini kuwasha unaanza na ule mpya, wa kushoto, unarudi kulia. Kupanga toka kulia, kuwasha toka kushoto.

Ngoja... nimeikabili kamera, kulia kwangu mnakuona kushoto. Nageuza simu. Na bado nimewakabili, bado ni kinyume! Nahamia upande wenu, mnaona mikono tu. Haya, hii ndiyo kulia. Na darasani ni hivyohivyo: ukikaa ng'ambo ya meza, watoto wote watapanga kinyume. Kaa upande wao. Narudia, kaa upande wao.

Sikukuu huanza jua likizama, kwa hiyo asubuhi mnaweka mwali wa jana usiku. Jumatatu mnafidia ya wikendi. Shamashi huwashwa kila siku, kwa hiyo wa miaka sita wapeni hesabu: usiku wote nane, jumla mishumaa 44.

Pia ya kuchezea, dreideli. Kata kipande cha boksi cha mraba, chora mistari miwili toka kona hadi kona. Makutano ndiyo kituo. Toboa hapo hapo, pitisha kipande cha penseli. Ukikosea kituo hata kidogo, inayumba inaanguka. Kila pembetatu andika herufi moja ya Kiebrania: nuni, gimeli, he, shini. Kila mtoto ana vifungo vikubwa kumi, kila mmoja anaweka kimoja katikati. Upande unaogusa meza ndio unaohesabika: nuni hupati kitu, gimeli unachukua vyote, he nusu, shini unaongeza kimoja. Mimi natumia vifungo vikubwa badala ya maharage, maana maharage yanaishia puani.

Chakula ni cha kukaangwa, kwa ajili ya yale mafuta. Kuna latke, yaani chapati ndogo za viazi vilivyokunwa na kukamuliwa maji, na sufganiyoti, ambazo ni kama andazi la mviringo lenye jamu ndani. Kaangeni nyumbani, mje nazo tayari, na ulizeni kwanza nani ana mzio wa ngano au mayai.

Mawili ya mwisho. Msiiite Krismasi ya Wayahudi. Hadithi yake ni ya kabla ya Kristo, na katika Yohana 10:22-23 Yesu mwenyewe yuko Hekaluni wakati wa sikukuu hii. Na baraka za mishumaa ni sala, msiziigize. Mwombeni mzazi wa Kiyahudi aje azisome mwenyewe, na mtoto wake asimame karibu naye. Vifungo vihesabuni kabla watoto hawajaondoka.