Boila Isikufie Januari: Gesi au Pampu ya Joto Nyumbani Uingereza

(Mhadhara kwa Waswahili wakazi wa Uingereza, Septemba 2025)

Assalamu alaykum, na habari za mchana. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma, kabla sijaingia kazi hii ya mabomba na joto, boila ya nyumbani kwangu, ile mashine ya gesi inayopasha maji na vyumba joto, ilikata roho wiki ya pili ya Januari. Mtoto wetu alikuwa na miezi minne. Tulilala watatu kitanda kimoja, na asubuhi tukawa tunaona pumzi zetu chumbani. Nikampigia fundi wa kwanza niliyempata. Akaangalia dakika kumi, akataja bei, nikakubali hajamaliza hata kusema. Boila aliyonifungia ilikuwa kubwa mno kwa nyumba ile. Inawaka dakika tatu, inazima, inawaka tena, kutwa kucha, na gesi inakwenda bure. Nililipia usiku ule kwenye bili za miaka.

Ndiyo maana nimewaomba tukutane Septemba. Joto la nyumba huchaguliwa wakati hakuna anayetetemeka.

Kwanza niwatoe hofu. Wengi mmeniuliza kama ni kweli serikali itakuja kung'oa boila zetu. Hapana. Mwaka 2021 ilitangazwa nia ya kuacha kufunga boila mpya za gesi kufikia 2035, na Septemba 2023 Rishi Sunak, akiwa Waziri Mkuu, akalegeza mpango huo. Mpaka leo hii, nyumba ambayo tayari ipo, boila yake ikifa unaruhusiwa kufunga nyingine ya gesi. Anayekutisha kwamba lazima ubadilishe wiki hii, mfungulie mlango aende zake.

Sasa hiyo pampu ya joto ni kitu gani? Mnaukumbuka mtungi wa udongo. Ukiuweka barazani penye upepo, maji yake yanapoa, kwa sababu yale yanayopenya kwenye udongo yanageuka mvuke, na mvuke ule unaondoka na joto la mtungi. Ndani ya pampu ya joto kuna kimiminika kinachochemka hata kwenye baridi ya chini ya sifuri. Feni inavuta hewa ya nje, kile kimiminika kinageuka mvuke na kunyonya joto la hewa hiyo. Kompresa inaukandamiza mvuke, unakuwa moto, unakabidhi joto lake kwa maji ya redieta, yale mabamba ya ukutani yanayopasha chumba joto, kisha unarudi kuwa kimiminika na safari inaanza upya. Ni kazi ya jokofu. Pitisha mkono nyuma ya jokofu lako jioni hii: lile joto unaloligusa limetoka kwenye maziwa na samaki waliomo ndani.

Mzee mmoja ameniuliza pale mlangoni, hewa ya Februari ina joto gani la kunyonya? Lipo, mzee wangu. Norway kuna baridi kuliko huku, na zaidi ya nusu ya nyumba zao zina pampu hizi.

Kwa hiyo umeme hapa hautengenezi joto, unalihamisha. Uniti moja ya umeme inaleta uniti tatu za joto, na ikifungwa vizuri nne. Boila haiwezi hilo. Uniti moja ya gesi, kwenye nyumba nyingi ninazozikagua, inatoa kama asilimia 85 yake, nyingine inatoka na moshi.

Lakini hesabu ya pesa tuifanye kwa uaminifu. Kwa kikomo cha bei cha Julai hadi Septemba 2025 kilichowekwa na Ofgem, msimamizi wa soko la nishati, uniti ya umeme ilikuwa wastani wa peni 25.73 na ya gesi peni 6.33. Umeme ulikuwa ghali mara nne. Joto la boila, kwa asilimia 85, lilikugharimu kama peni 7.4 kwa uniti. Pampu inayozidisha mara tatu, peni 8.6. Ya mara tatu na nusu, mko sawa. Ya mara nne, peni 6.4, umeokoa. Basi swali la kumuuliza fundi si bei ya kufunga peke yake. Muulize: hapa kwangu itazidisha mara ngapi kwa mwaka mzima, na umepimaje? Asiyepima kila chumba, madirisha yake na redieta zake, hana jibu. Na ukiachana na gesi kabisa, hata jiko la kupikia, unaokoa ada ya kila siku ya gesi, ambayo kwa bei hizo za 2025 ilikuwa karibu pauni 109 kwa mwaka.

Kinachoamua zaidi ni joto la maji ya redieta. Boila nyingi zimetegwa nyuzi 70 au 80. Pampu inapenda 45, au hata 35. Mama zangu mnaijua siri hii: wali ukishakaukia, huongezi moto chini, unaupalia makaa machache juu ya mfuniko na kuuacha. Moto mdogo, muda mrefu. Ndivyo pampu inavyofanya kazi, na anayeiwasha kidogo asubuhi na kidogo jioni ataiona haifai.

Jaribio lake ni la bure. Boila isiyo na tangi ina vitufe viwili, kimoja kimechorwa bomba, kingine redieta. Cha redieta kishushe hadi 55. Siku za baridi kali kiache hivyo wiki nzima, na uiache boila iwake muda mrefu zaidi. Vyumba vikipata joto la kutosha, nyumba yako iko karibu tayari kwa pampu. Kikibaki chumba kimoja baridi, pengine ni redieta moja tu ya kubadilisha au sufi ya darini ya kuzuia joto lisitoroke haitoshi. Hata usiponunua pampu maisha yako yote, boila yenyewe hutumia gesi kidogo ikiwa hapo. Wenye tangi la maji moto msishushe hivyo, lile linataka nyuzi 60 kuua bakteria.

Sasa ruzuku ya pampu. England na Wales ni pauni 7,500, tangu Oktoba 2023. Haipiti mkononi mwako: fundi mwenye cheti cha MCS, mpango unaothibitisha mafundi wa pampu hizi, anaiomba, kisha anakupunguzia kwenye bei, ambayo kwa kawaida hupita pauni 10,000. VAT ni sifuri hadi tarehe 31 Machi 2027. Scotland wana mpango wao. England, tangu tarehe 29 Mei 2025, lile sharti la pampu kukaa angalau mita moja kutoka mpaka wa jirani limeondolewa, na nyumba nyingi za safu zimepata nafasi. Kumbukeni tu kwamba tangi la maji linahitaji kabati, na wengi wetu kabati lile tumelijaza masanduku ya kwenda nyumbani.

Nimeona nyuso zinanyong'onyea huku nyuma. Najua, ni wapangaji. Hili linaniuma: ruzuku ni ya mwenye nyumba, bili ni yako. Lakini haki zenu zipo. Boila ya gesi lazima ikaguliwe kila mwaka na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na nakala ya cheti upewe ndani ya siku 28. England, chumba chenye boila lazima kiwe na king'ora cha kaboni monoksidi, tangu Oktoba 2022. Hiyo kaboni monoksidi ni gesi ya sumu isiyo na harufu. Ni ile ile iliyoua watu kwetu waliolala na jiko la mkaa, mlango umefungwa. England na Wales, nyumba ya kupanga isiyofika daraja E kwenye cheti cha nishati, kile kinachopima nyumba inavyotumia nishati kutoka A iliyo bora hadi G, mwenye nyumba hana ruhusa ya kuipangisha bila msamaha uliosajiliwa. Mwandikieni, msiishie kumwambia kwa simu. Na kama Kiingereza cha barua kinawatisha, tutaandika pamoja.

Mliokuja na bili na vyeti, sogezeni viti mezani. Tuanze na mama mwenye mtoto mchanga.