Wa Mwisho Kundi A Bado Yumo: Ubingwa wa Dunia wa Floboli kwa Wanaume

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni kipindini. Leo ni floboli, ubingwa wa dunia kwa wanaume. Niko na kaka Baraka kama kawaida.

BARAKA: Karibuni sana. Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe: ni mpira wa magongo wa ndani ya ukumbi, watu wamevaa raba tu. Uwanja ni mita 40 kwa 20, sawa na wa mpira wa mikono, ila huu umezungushiwa vibao vya sentimita 50 vyenye kona za mviringo. Mpira ukigonga kibao unarudi, mchezo unaendelea.

ZUHURA: Na wachezaji?

BARAKA: Watano wa ndani na kipa. Vipindi vitatu vya dakika 20, na saa inasimama kila kipyenga kinapolia.

ZUHURA: Haya, nianze na linalowachanganya wengi. Mtu anafungua msimamo wa makundi, anaona timu imepigwa mechi zote tatu, pointi sifuri. Kesho yake anaiona hiyo hiyo inacheza mtoano! Na nyingine ina ushindi mmoja, imeshaambiwa ikagombee nafasi ya 13. Msimamo umekosewa?

BARAKA: Haujakosewa, dada. Makundi hayalingani, na hayalingani kwa makusudi. Tuchukue mashindano ya 2022, Zurich na Winterthur kule Uswisi. Timu 16, makundi manne. Zile nane zenye nafasi za juu kwenye orodha ya viwango zinawekwa A na B. Nane zilizobaki zinakwenda C na D.

ZUHURA: Kwa hiyo vigogo wanakutana mapema.

BARAKA: Mapema kabisa, na hakuna anayekufa. Wawili wa juu wa A na wa B wanaruka moja kwa moja hadi robo fainali. Wa tatu na wa nne wa makundi hayo wanashuka kwenye mechi za mchujo, wanakutana na wawili wa juu wa C na wa D. Washindi wanne wa hapo ndio wanaokamilisha robo fainali.

ZUHURA: Maana yake aliyeshika mkia Kundi A bado anaweza kuwa bingwa wa dunia.

BARAKA: Kwa hesabu, ndiyo. Na wa tatu Kundi C, hata kama ameshinda mechi, njia yake imeishia hapo.

ZUHURA: Mimi naona ni uonevu kidogo. Timu ndogo inapangiwa mlango wa nyuma hata kabla ya kugusa mpira.

BARAKA: Mlango wa nyuma, lakini upo wazi. Fikiria kinyume chake: ukichanganya makundi kama kwenye soka, timu inayoinukia inakutana na Uswidi siku ya kwanza. Fainali yenyewe ya 2012, vigogo kwa vigogo, Uswidi waliwafunga Finland 11-1. Sasa mlete mgeni pale.

ZUHURA: Eeh, hiyo ya 11-1 ni ya kuumiza. Na miaka miwili baadaye, watu hao hao, fainali ikaisha 3-2.

BARAKA: Ndiyo floboli. Jambo la kuangalia kwenye makundi ni hili: ushindi ni pointi 2, sare ni 1 kwa kila upande, na sare inabaki sare. Kwa hiyo kigogo anayeongoza Kundi A kwenye mechi ya tatu anaweza kuwapumzisha watu. Usimpime kwa mechi hiyo.

ZUHURA: Nataka twende kwenye dakika mbili za adhabu, maana hapo ndipo mechi nyingi kubwa zinapoamuliwa.

BARAKA: Ukipiga gongo la mwenzako kwa nguvu, ukimsukuma kutoka nyuma, unaweza kutolewa dakika 2. Timu yako inabaki na wanne wa ndani. Mkifungwa kabla dakika hazijaisha, mwenzenu anarudi uwanjani.

ZUHURA: Wanne wanajipanga vipi?

BARAKA: Boksi. Wawili mbele, wawili nyuma, karibu karibu, katikati pasipitike. Magongo yanalala sakafuni kuziba pasi. Goti moja kushuka ruksa, magoti mawili hapana. Wale watano wa upande wa pili wanaweka mmoja juu katikati, wawili ubavuni, wawili karibu na lango, na mpira unazunguka haraka. Wanachotafuta ni pasi moja tu ya kukata boksi kutoka ubavu hadi ubavu.

ZUHURA: Kwa nini hiyo hasa?

BARAKA: Kwa sababu ya kipa. Lango lina upana wa sentimita 160 na kimo cha 115. Kipa hana gongo, anacheza akiwa amepiga magoti. Akiwa ametulia mbele ya mpigaji, kifua na mikono vimeziba karibu kila kitu. Pasi ikivuka, lazima ateleze kwa magoti kwenda upande wa pili. Wakati anateleza, kona ya juu ya upande anaokwenda inabaki wazi. Mpigaji hatulizi mpira, anaupiga hapo hapo. Akitumia mguso mmoja wa kutuliza, kipa ameshafika.

ZUHURA: Na mpira wenyewe ni gramu 23 tu, una matundu 26. Watu wanadhani kitu chepesi hivyo hakiumizi.

BARAKA: Waulize mabeki wanaozuia kwa mapaja.

ZUHURA: Kosa lingine ninaloliona kila mashindano, na linaniudhi kwa sababu ni la uzembe: wachezaji wa ziada uwanjani.

BARAKA: Hilo ni kosa la benchi. Kubadilisha ni wakati wowote, bila kusubiri refa, lakini kupitia eneo lenu la mita 10 mbele ya benchi. Anayetoka lazima awe anavuka kibao ndipo mwingine aingie. Vikosi vya watano watano vinabadilishana kila mara, na mtu mmoja mwenye haraka akiruka mapema, dakika 2.

ZUHURA: Hatari inazidi mwishoni, kipa anapotolewa.

BARAKA: Hapo hasa. Timu imefungwa kwa bao moja, kocha anamtoa kipa, anaingia wa sita wa ndani. Kipa anakimbia kutoka langoni, huku wa sita ameshapandisha mguu kibaoni. Akitua kabla kipa hajafika, mpango umevunjika. Na hata wakifanya sahihi, mpira mmoja ukipotea, mpinzani anaupiga kutoka nusu yake mwenyewe kwenda lango tupu.

ZUHURA: Tugusie mabingwa. Tangu mashindano ya kwanza ya 1996, fainali pale ukumbi wa Globen, Stockholm, mbele ya watazamaji zaidi ya 15,000, kombe limezunguka kwa wawili tu: Uswidi na Finland.

BARAKA: Uswidi walichukua sita mfululizo. Finland wakaja kuwakatiza Prague 2008, 7-6 katika muda wa nyongeza. Uswisi na Czech wameshafika fainali, Czech mara ya mwisho ilikuwa 2022, wakafungwa 9-3 na Uswidi.

ZUHURA: Kwangu fainali ya kurudia kuangalia ni ya Riga, 2016. Sare ya 3-3, muda wa nyongeza hakuna bao, wakaenda penalti. Finland wakashinda.

BARAKA: Na penalti hizi si za soka. Wapigaji watano kila upande. Mpira unawekwa katikati ya uwanja, mpigaji anakuja nao hadi langoni. Kipa anaanzia kwenye mstari wa lango, kisha anaruhusiwa kutoka. Mpira ukirudi kwenye mwamba au kwa kipa, hakuna kumalizia.

ZUHURA: Kwa hiyo kipa anafanya nini?

BARAKA: Anatoka mapema apunguze pembe, kisha anarudi nyuma taratibu kwa mwendo wa mpigaji. Akibaki kwenye mstari, ameacha kona zote nne. Akitoka mno, anazungukwa. Kipa mzuri haangalii macho ya mpigaji wala mabega, anaangalia kichwa cha gongo, kwa sababu mabega yanadanganya na gongo ndilo linaloshika mpira.