Jina Lililo Chini ya Kitovu

Mabibi na mabwana, na ninyi wanafunzi wa ukunga mliobanana kule nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Kuna neno moja linalowatesa waandikaji wa mafaili ya thieta, chumba cha upasuaji: Pfannenstiel, jina la mkato wa tumbo. Nimeliona limeandikwa kwa F, nimeliona kwa V. Wengine wamesalimu amri, wanaandika "mkato wa bikini", basi. Na mama mwenyewe aliyezaa kwa operesheni huzeeka na kovu lile bila kujua kwamba linaitwa kwa jina la Mjerumani.

Hermann Johannes Pfannenstiel alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake pale Breslau, mji ambao leo ni Wrocław, Poland. Mwaka 1900 alichapisha maelezo ya mkato wake. Enzi zile tumbo lilipasuliwa wima, kitovu kwenda chini, na kovu likilegea mgonjwa anarudi na ngiri. Yeye alikata mlalo, vidole viwili hivi juu ya mfupa wa kinena: ngozi, mafuta, kisha ule utando mgumu uliofunika misuli. Misuli yenyewe hakuikata. Aliiachanisha katikati, upande huu na upande huu, ndipo akaufungua utando wa ndani kwa wima. Ukishashona, mkato wa juu na wa chini haviko kwenye mstari mmoja, kwa hiyo tumbo halipati mahali pepesi pa kufumukia. Ujanja wote uko hapo.

Alikufa mwaka 1909, umri miaka 47. Alijeruhiwa kidole akimpasua mgonjwa mwenye usaha kwenye mirija ya uzazi, damu yake ikaingiwa na vijidudu. Antibiotiki hazikuwepo. Mwalimu wenu akifoka kuhusu glavu, mvumilieni.

Wako na wengine. Edoardo Porro, daktari wa Pavia, Italia, mwaka 1876, alimtoa mtoto kisha akautoa na mfuko wa uzazi, maana kutokwa damu kulikuwa kunaua. Max Sänger, daktari Mjerumani, mwaka 1882, akahimiza kuushona mfuko badala ya kuuondoa. Wote hao waliandika, na aliyeandika ndiye aliyepewa jina.

Sasa twendeni Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo. Mwaka 1879, miaka 3 tu baada ya Porro, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mama wa miaka kama 20, mimba ya kwanza, akipasuliwa. Amelazwa kwenye kitanda cha mwinamo, amefungwa kwa nguo ya magome ya mti, pombe ya ndizi imeshampanda kichwani. Mpasuaji ananawa mikono kwa pombe hiyo hiyo, analiosha tumbo nayo, kisha maji. Anakata mara moja, wima. Msaidizi anagusa panapovuja damu kwa chuma cha moto. Mtoto anatoka, kondo linatoka, mfuko unakandwa mpaka unywee. Haukushonwa. Kisha mama anageuzwa ili maji ya tumboni yamwagike, na jeraha linabanwa kwa sindano 7 nyembamba za chuma, zilizosuguliwa zikang'aa, zikazungushiwa uzi wa magome. Juu yake dawa ya mizizi iliyotafunwa, na jani la mgomba lililopashwa moto.

Nawaulizeni, huyo alikuwa anajaribu? Mtu anayejaribu hana sindano 7 zilizokwisha kusuguliwa. Pale palikuwa na mkono uliozoea.

Felkin aliyachapisha hayo Edinburgh mwaka 1884, pamoja na mchoro wa kisu. Jina la mpasuaji halimo. Siku ya 11 alipoondoka, jeraha la mama lilikuwa limefunga. Mtoto naye alikuwa na mkwaruzo kwenye bega la kulia. Walimpaka dawa ile ile ya mizizi, na kwa siku 4 akawa amepona.