Chumvi Isubiri Kikaango

Asalaam aleikum mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana wa vibanda hapo nyuma mliokuja kula tu, nawaona. Wengine mshanisikia haya mpaka mmechoka, lakini baga za Malindi bado zinatoka kababu, kwa hivyo narudia: chumvi usiitie ndani ya kima!

Najua. Mtu wa hapa akishika kima mkono unajiendea wenyewe, chumvi, thomu, tangawizi, dania, pilipili mbichi, yai, boflo iliyorowekwa, halafu anakanda weee mpaka ishikane. Hiyo ni kababu, na ni tamu, Ramadhani mimi mwenyewe siikosi. Ila usiibandike kwenye mkate ukanambia baga.

Chumvi ikichanganywa na kima inayeyusha protini za nyama, zinaanza kunata, na ukizidi kukanda ndio zinashikana zaidi, ikipata moto yote inakaza, ukiuma inadunda. Wapika soseji wanaitaka hali hiyo, wanatia chumvi na kukanda makusudi. Baga tunataka ukiitafuna iachane mdomoni.

Sasa kuna mtu ashakunja uso, ati itakuwa chapwa. Haiwi chapwa bibi wee! Nyunyiza chumvi nje, pande zote mbili, papo hapo unapoiweka kwenye kikaango, na usiwe na mkono mzito wa kutoa. Tena humo ndani ya mkate si kuna achari, sosi, na jibini, zote zina chumvi? Na wewe unayetaka kunambia mama mkwe wako hutia ndani na inatoka sawa, mama mkwe wako anapika kababu, mpe salamu zangu.

Halafu kima yenyewe. Ile ya sambusa haina mafuta na ndivyo inavyotakiwa, lakini baga bila mafuta ni kavu, utaisukuma kwa maji. Mwambie wa bucha akusagie kidari na mafuta yake, au aongeze kipande cha nundu, kwenye kilo moja mafuta yawe kama gramu 200. Atakushangaa, mwache ashangae.

Naonyeshwa saa hapa, haya, haraka haraka. Kima ikae friji mpaka dakika ya mwisho maana kwa joto letu hili mafuta yanayeyukia mkononi. Fanya duara pana kuliko mkate kwa sababu itasinyaa, katikati bonyeza kishimo na kidole isije ikavimba. Kikaango kiwe moto kwelikweli. Na ikiwa motoni usiigandamize na mwiko! Ule mlio mnaoufurahia ni mafuta yanakimbia.

La mwisho, iive. Si steki hii, vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama mashine ishavisukuma mpaka ndani, na rangi inadanganya, kima inaweza kugeuka kahawia kabla haijaiva. Nunua kipimajoto, chomeka katikati, kisome 71°C.

Ya mikate na vitunguu nilikuwa nayo, basi muulizane wenyewe. Jiko lishawaka pale nje, tokeni, na aliyekuja na kima ishatiwa chumvi apange foleni upande ule, zake tutazipika kababu.