Farasi Mkubwa Kuliko Lango

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa uuguzi na wa sanaa, na wazazi mliokuja na vijana wenu: wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimeombwa niseme juu ya sanaa na wagonjwa wa akili. Ni mada inayotufanya tuwe wapole mno. Tutasema kuchora kunatuliza, ngoma inaburudisha, tutapiga makofi, kisha chai. Kwa hiyo nawachukua hadi Trieste, mji wa bandari huko Italia, mwaka 1973, ambako sanaa haikumtuliza mtu.

Miaka miwili kabla ya hapo, hospitali ya akili ya mji huo, San Giovanni, ilikuwa na wagonjwa wapatao 1,200. Sheria iliyowaweka humo ilikuwa ya mwaka 1904. Ilisema alazwe aliye hatari kwa nafsi yake au kwa wenzake, au anayeleta fedheha hadharani. Hilo la mwisho lipimeni wenyewe: unafungiwa kwa kuwa unawatia watu haya. Na hadi mwaka 1968, aliyelazwa kwa amri aliandikwa katika daftari lile lile la serikali linaloandikwa wahalifu.

Mwaka 1971 akaja mkurugenzi mpya, daktari Franco Basaglia. Kabla ya hapo, huko Gorizia, mji mwingine wa Italia, alikuwa amekwisha kuwafungua wagonjwa kamba, akafungua milango ya wodi, akaanzisha mikutano ambamo mgonjwa anasema na daktari anasikiliza. Trieste akaiendeleza kazi hiyo hiyo. Wodi zikawa zinahamwa moja baada ya nyingine, na jengo moja lililobaki tupu, lenye alama ya herufi P, wakapewa wasanii: Giuliano Scabia, mtu wa tamthilia, na mchongaji Vittorio Basaglia, binamu yake daktari.

Wasanii hawakuja na mpango wa kumtibu mtu. Walifungua mlango, wakaweka rangi, mbao na karatasi, wakauliza: tutengeneze nini? Hospitalini palikuwa na farasi wa kweli, jina lake Marco, aliyevuta mkokoteni wa nguo za kufua miaka mingi. Alipozeeka ikaamuliwa achinjwe. Mwaka 1972 wagonjwa waliuandikia uongozi wa jimbo barua, wakaiandika kana kwamba farasi mwenyewe ndiye anayesema, aombe astaafu kwa amani. Akaachwa hai. Sasa walipoulizwa watengeneze nini, jibu lilikuwa hilo: Marco.

Wakamjenga kwa mbao na karatasi za gundi, juu ya magurudumu, urefu wa kama mita 4, wakampaka buluu. Tumboni wakamwekea nafasi, humo wakatia matamanio yao. Mimi napenda kitu kimoja katika habari hii: hakuna aliyekaa na daftari kupima kama mchoraji fulani usingizi umeboreka. Huenda uliboreka. Haikuwa ndiyo kazi.

Mnamo tarehe 25 Februari 1973, siku ya Jumapili, ilikuwa wamtoe mjini. Hapo ndipo ikaonekana kwamba farasi hapiti langoni. Amezidi kimo. Wangeweza kumkata miguu, au kumrudisha ndani na kualika wageni waje wamtazame, jambo ambalo sisi, nadhani, ndilo tungelifanya, na tungelitengenezea kadi za mwaliko. Wao walilibomoa lango apate njia. Daktari mkuu mwenyewe alishika benchi la chuma kusaidia kuvunja. Kisha wagonjwa, wauguzi, wasanii na madaktari wakashuka mjini kwa maandamano.

Lakini nisiwadanganye kwamba wote walifurahi. Baadhi ya wauguzi walipinga. Hoja yao: farasi atazunguka, watu watashangilia, jioni mgonjwa atarudi kwenye wodi ile ile, hana nguo ya maana, hana senti, hana nyumba inayomngoja. Mimi nasema walikuwa na haki. Nyinyi mnaotaka kuanzisha vikundi vya maigizo hospitalini, hoja hii ianzeni nayo, msiisubiri mje kuulizwa. Mtu akishacheza jukwaani, akapigiwa makofi, atadai vingine. Atataka kutoka. Atauliza kazi. Mkiwa hamna jibu, mmemchezea.

Trieste walitafuta jibu. Wagonjwa waliokuwa wakifagia na kufua kwa jina la tiba, bila mshahara, waliunda chama cha ushirika, wakalipwa kwa kazi ile ile. Zikafunguliwa nyumba za kuishi na vituo vya afya ya akili mitaani. Mwezi Mei 1978 bunge la Italia likapitisha sheria namba 180, ya kukomesha kuwalaza wagonjwa wapya katika hospitali za namna ile, na mwaka 1980 ile ya San Giovanni ikafungwa. Sisemi farasi wa karatasi ndiye aliyefunga hospitali. Siasa, fedha na mabishano ya miaka ndivyo vilivyofunga. Ila farasi aliwatoa watu wakaonekana, na mji ukalazimika kuwatazama.

Kwetu nitasema machache. Nchini Tanzania mtu akitaka kumtukana mwenzake humwambia anastahili Mirembe. Kenya watasema Mathari. Hospitali imegeuka tusi, na anayetoka humo anarudi mtaani akiwa amebeba tusi hilo. Kwa hiyo nikiombwa ushauri kuhusu onyesho la picha za wagonjwa, huwa nauliza mambo ya kawaida sana. Mchoraji ameruhusu? Jina lake liandikwe au lisiandikwe, ameamua yeye? Picha ikiuzwa, fedha inaingia mfuko gani? Na siku ya ufunguzi yeye atakuwa ukumbini, au atabaki wodini huku sisi tukimsifu?

Marco bado yupo kazini. Mwaka 2013 farasi wa buluu alizungushwa Italia, akipelekwa kwenye hospitali za akili za wafungwa, zile ambazo sheria ya 1978 haikuzigusa. Madai yalikuwa zifungwe. Mwaka 2015 zilianza kufungwa, na mwaka 2017 mfungwa wa mwisho akatolewa.