Vituko vya Sungura: Kipi Kikuogopeshe, Kipi Ukiache

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji, katika kipindi chetu kinachorekodiwa hapa Dar es Salaam. Leo tunamzungumzia sungura wa kufugwa nyumbani, hususan vile vituko vyake vinavyomfanya mfugaji mgeni adhani mnyama amerogwa. Kaka Elias, nianze na kile kinachoulizwa zaidi: sungura anainama, anapeleka mdomo chini ya mkia, kisha anakula kinyesi chake mwenyewe. Je, ana njaa?

ELIAS: Hana njaa, dada Zuhura, anamalizia mlo. Sungura hutoa kinyesi cha aina mbili. Kuna punje kavu za mviringo tunazozifagia kila siku, na kuna kinyesi laini kinachong'aa, kilichoshikamana kama kichala cha zabibu, ambacho hutengenezwa katika mfuko mkubwa uliopo pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Humo vijidudu huchachusha majani na kutengeneza protini pamoja na vitamini za kundi B, lakini kwa kuwa mfuko huo uko baada ya sehemu inayofyonza virutubisho vingi, mnyama hana njia ya kuvipata isipokuwa kukipitisha chakula hicho mara ya pili. Wasiwasi uanze pale unapokiona kinyesi hicho laini kimetapakaa bandani au kimegandamana na manyoya, kwa maana mara nyingi ni dalili ya wanga mwingi, au ya mnyama aliyenenepa mno, au anayeumwa mgongo kiasi cha kushindwa kujifikia.

ZUHURA: Wanga mwingi, yaani ugali uliobaki na pumba.

ELIAS: Na mkate, na ndizi kila siku. Sungura ni mla nyasi. Meno yake hukua maisha yake yote, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi kwa saa nyingi. Majani ya viazi vitamu na matunda viwe nyongeza tu.

ZUHURA: Lingine ni kujitupa ubavu. Mnyama amesimama, ghafla anaanguka kama aliyepigwa risasi, miguu imenyooka, macho nusu wazi. Watoto hulia.

ELIAS: Hapo amestarehe kabisa. Mnyama anayewindwa hawezi kulala ubavu mahali anapohofia, kwa hiyo ukimwona hivyo, huku akipumua kwa utulivu, jua kwamba ameliamini banda lako. Vivyo hivyo akiruka juu na kujipinda hewani, hiyo ni furaha. Kinyume chake ni mtindo wa kumlaza chali na kumpapasa tumbo mpaka atulie, ambao watu huupiga video wakicheka. Ule si utulivu. Ni kuganda kwa woga, kama afanyavyo akikamatwa na mnyama mkali, na ningependa mtindo huo uachwe.

ZUHURA: Na anapopiga sakafu kwa mguu wa nyuma usiku wa manane?

ELIAS: Anatoa tahadhari. Huenda kuna paka juu ya bati, nyoka karibu na banda, au ni radi ya masika. Kabla ya kumkemea, chukua tochi ukaangalie. Niongeze kwamba macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa eneo dogo mbele kabisa ya pua. Mkono unaomjia puani ghafla hauoni vizuri, na ndiyo maana wengine hukoroma na kurusha makucha. Mguse kwanza kwenye paji la uso, ukitokea juu kidogo na pembeni.

ZUHURA: Tuje kwa majike, maana hapo ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Jike hajawekwa na dume, lakini ananyonyoa manyoya ya kifuani, anabeba nyasi mdomoni na kumfukuza kila anayesogea. Wengi hudhani ni upele.

ELIAS: Hiyo ni mimba ya uongo. Jike la sungura halipevushi mayai kwa mzunguko wa siku maalumu. Hupevusha baada ya kupandwa, na hata kupandwa na jike mwenzake kunaweza kuuamsha mwili wake. Mimba ya kweli huchukua takriban siku 30 hadi 32, ilhali ya uongo huisha baada ya siku 16 hadi 18 hivi, na ni karibu na mwisho huo ndipo jike hujenga kiota kisichokuwa na mtoto. Mwache na kiota chake. Hali hiyo hupita. Upele huacha magamba na mikwaruzo, wala haumfanyi mnyama abebe nyasi.

ZUHURA: Na yule aliyezaa kweli, lakini hakai na watoto?

ELIAS: Hajawatelekeza. Hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, kila mara kwa dakika chache, kisha hukaa mbali ili harufu yake isimwelekeze adui kiotani. Watazame watoto asubuhi: wakiwa na matumbo ya mviringo na ngozi isiyokunjamana, wameshiba. Kuwakimbilia na maziwa ya ng'ombe ni kuwaponza.

ZUHURA: Basi kipi hasa kinachopaswa kumtoa mtu kitandani?

ELIAS: Ukimya. Sungura huficha maumivu kwa sababu porini aliye dhaifu ndiye anayeliwa wa kwanza. Akijikunyata pembeni, akasaga meno kwa sauti, akakataa chakula na punje zikakoma, usisubiri: utumbo wake ukisimama kwa takriban saa 12, ni dharura, na mnyama huyu hana uwezo wa kutapika. Kichwa kinachoinamia upande mmoja nacho kinahitaji daktari wa mifugo, kwani kinaweza kutokana na maambukizi ya sikio au ya ubongo. Hapa kwetu kuna pia joto la Desemba hadi Machi. Sungura hatoi jasho la kumpoza na hutegemea masikio kupunguza joto, kwa hiyo banda la mabati lisilo na kivuli ni tanuri. Akihema kwa mdomo wazi, mpeleke kivulini, lowanisha masikio kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, na utafute daktari mara moja.

ZUHURA: Wengine huanzia duka la dawa.

ELIAS: Hilo naliogopa kuliko joto. Amoksilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini, zikipitia mdomoni, huua vijidudu vile vya tumboni tulivyovitaja na kuruhusu vibaya vitawale, na sungura anaweza kufa ndani ya siku chache. Kidonge kilichobaki baada ya mtoto wako kupona kikohozi kisimguse kabisa. Daktari anazo dawa nyingine zinazomfaa.