Jezi ya Tatu ya Kipa

Asanteni. Mshereheshaji amenitambulisha kama mtu wa mpira, nami nimeona aibu kidogo, maana mpira wenyewe niliucheza vibaya. Nilikuwa beki wa kulia. Makocha watatu, kila mmoja kwa upole wake, walinishauri nitafute shughuli nyingine. Nikaitafuta palepale uwanjani: nikawa mtunza vifaa, baadaye meneja wa timu.

Leo nimeitwa niseme kuhusu kazi za michezo kwa asiyecheza, na nianze na kosa langu. Msimu wangu wa pili nilikwenda kwenye kikao cha kabla ya mechi na jezi mbili za kipa, ya kijani na ya njano. Kwa wasiowahi kuingia kikaoni: jezi zote hulazwa mezani, zetu, za wapinzani, za makipa na za waamuzi, kwa sababu Sheria ya 4 ya mchezo inataka rangi zitofautiane. Wapinzani wakalaza kijani. Waamuzi walikuwa na njano na nyeusi, na nyeusi ndiyo rangi yetu, kwa hiyo wakabaki na njano. Kamishna wa mechi akanitazama. "Ya tatu iko wapi?"

Ya tatu nilikuwa nimeiacha, imekunjwa vizuri, kwa kuwa sanduku lilionekana limejaa. Siku ile kipa wetu alidaka akiwa na fulana ya mazoezi ya bluu, namba 1 nimemwandikia mgongoni kwa plasta nyeupe ya mchua misuli. Kipindi cha pili jasho likaanza kuibandua. Kila alipogeuka, mimi nilikuwa naitazama ile plasta, siuoni mpira kabisa. Tulishinda, lakini kwenye basi hakuna aliyenisemesha.

Vijana wanaokuja kuniomba kazi karibu wote huanza hivi: "Mzee, naipenda sana hii timu." Sawa, lakini wapenzi tunao jukwaa zima. Mimi nataka kujua kama jezi ya tatu imo sandukuni. Tena, na hapa wengine watanikatalia, upenzi ukizidi unaharibu kazi. Bao likikaribia, shabiki anafuata mpira. Daktari wa timu anamwangalia yule aliyeanguka upande wa pili ambaye hajainuka.

Mtakumbuka tarehe 12 Juni 2021, Copenhagen, Denmark na Finland. Christian Eriksen, kiungo wa Denmark, alianguka kabla ya mapumziko bila kuguswa na mtu, moyo umesimama. Daktari wa timu, Morten Boesen, na wenzake waliingia, wakamkanda kifua, wakatumia mashine ya kushtua moyo. Februari mwaka uliofuata Eriksen alikuwa anacheza tena, klabu ya Brentford ya Uingereza. Wale watu hawakujifunza kazi siku ile. Walikuwa wameifanyia mazoezi wakati uwanja mtupu, na kuna mtu aliyehakikisha ile mashine ina chaji. Huyo wa chaji simjui jina, wala nyinyi hamlijui.

Sasa makaratasi. Najua mnapiga miayo, lakini ajira nyingi ziko huko. Tangu Oktoba 2010 uhamisho wa mchezaji wa kulipwa kutoka nchi moja kwenda nyingine lazima upitie mfumo wa kompyuta wa FIFA. Klabu zote mbili zinaingiza taarifa, zinaoana au hazioani. Agosti 2017 Leicester ya Uingereza ilimsajili kiungo Adrien Silva kutoka Sporting ya Ureno siku ya mwisho ya dirisha la usajili. Nyaraka zikachelewa kwa sekunde 14. Sekunde! FIFA ikakataa, na mchezaji wa mamilioni akakaa bila kucheza mechi ya mashindano hadi Januari 2018. Niliposikia habari ile sikumfikiria Silva. Nilimfikiria karani aliyekuwa mbele ya kompyuta, mkono juu ya kitufe. Kwa hiyo ukiwa mtu wa kusoma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho, na kuuliza "hii sahihi ya nani?" bila kuona haya, klabu inakuhitaji kuliko inavyomhitaji mshambuliaji wa akiba.

Uwakala wa wachezaji je? Siku hizi una mtihani. Tangu 2023 FIFA inauliza maswali 20 kwa dakika 60, na kufaulu ni asilimia 75. Unaruhusiwa kufungua kitabu cha kanuni. Asiyekijua kitabu atapekua mpaka saa iishe.

Kuna mama hapa mbele aliniuliza kabla hatujaanza: mwanangu asomee nini? Mama, asomee jambo moja dogo hadi watu wamtafute yeye. Yupo Mdenmark, Thomas Grønnemark, ambaye taaluma yake ni mipira ya kurusha. Basi! Mwaka 2010 aliweka rekodi ya dunia ya kurusha mpira, mita 51.33. Mwaka 2018 Jürgen Klopp, kocha wa Liverpool wakati huo, akampigia simu, naye akaenda kuwafundisha wachezaji wake. Kila mechi ina mipira ya kurusha, na makocha wengi walikuwa wanaiona kama wakati wa kunywa maji. Yeye alikaa na jambo hilo moja kwa miaka.

Kuhusu kujitolea nitasema kwa kifupi, maana linaniudhi. Michezo ya Olimpiki ya London 2012 ilikuwa na watu wa kujitolea wapatao 70,000, na ni shule nzuri: wiki chache, kazi inajulikana, mwisho unajulikana. Klabu inayokuita ujitolee "mpaka mambo yakae sawa" ni jambo jingine. Uliza tarehe. Wasipokuwa nayo, wewe jiwekee yako, na ikifika funga begi.

Basi, maneno yametosha. Hili sanduku mnaloliona hapa ni langu la siku ya mechi. Jezi seti mbili, bukta, soksi, vilinda ugoko vya akiba, kamba za viatu, mkasi, sindano na uzi, pampu, plasta. Nimelimwaga lote kwenye meza ile ya pembeni. Vijana wawili waje walipange upya, dakika sita, na mfuniko lazima ufunge. Jezi za kipa ziko tatu.